Kwa Nini Chupa Huwa Jezi na Raba Haiwi Kitu

Leo tuna swali la kijiweni, lile linaloulizwa watu wakiwa wamekaa wanasubiri mechi ianze. Jezi ambayo lebo yake inasema imetokana na chupa za plastiki, kweli imetokana na chupa, au ni maneno ya wafanyabiashara? Na kama chupa ya maji inaweza kuwa jezi, mbona raba zilizochakaa zinajaa uvunguni mwa vitanda vyetu na hakuna anayekuja na mizani kuzitafuta? Mwokota makopo anapita mtaani asubuhi. Anachukua chupa, anachukua kopo la bia, anachukua hata sufuria iliyotoboka. Raba anaiangalia, anaigeuza kwa ncha ya mguu, anapita zake.

Yule mwokota makopo anajua jambo, na ndilo ninalotaka tulizungumze.

Tuanze na jezi, maana jibu lake halina utata: ndiyo, inawezekana kabisa. Kitambaa cha poliesta na chupa ya maji ya dukani ni plastiki ile ile moja. Tena wengi wetu hudhani chupa ndiyo mama na kitambaa ndicho mtoto, kumbe ni kinyume chake. Wanakemia wawili wa Uingereza, John Whinfield na James Dickson, walipata hataza ya kitambaa hicho mwaka 1941. Chupa imekuja baadaye sana. Nathaniel Wyeth, mhandisi wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alikuwa akitafuta chupa ya plastiki itakayobeba soda bila kuvimba na kupasuka, na hataza yake akaipata mwaka 1973. Kwa hiyo chupa inapogeuzwa jezi haiendi ugenini, inarudi kwao.

Inarudije? Fika siku moja kwenye yadi wanaponunua makopo kwa kilo. Utawakuta kina mama wameketi juu ya ndoo zilizofunikwa, kila mmoja na kisu chake kifupi. Lebo inachanwa kwa mkato mmoja, kizibo kinafunguliwa na kutupwa kwenye kiroba cha pembeni, chupa inarushwa kwenye lundo: nyeupe huku, ya kijani kule. Mkono hausimami na mazungumzo hayasimami. Kisha chupa zinaingia kwenye mashine ya kusaga, zinatoka vipande vyembamba vinavyolia kama vinachekana. Baada ya hapo vipande vinatumbukizwa kwenye tangi la maji, na maji ndiyo yanayochambua kile ambacho mikono imekikosa. Kipande cha chupa kinazama, kipande cha kizibo kinaelea, kwa sababu hizo ni plastiki mbili tofauti: lita moja ya plastiki ya chupa ina uzito wa takriban kilo 1.38, na ya kizibo haifiki hata kilo 1. Ukitaka kuhakikisha huhitaji maabara. Kata kipande cha chupa na kipande cha kizibo, vitie kwenye ndoo ya maji, visukume chini kwa kidole mpaka vilowe pande zote, kisha viachie uone.

Vilivyozama huoshwa, hukaushwa, huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi, halafu husukumwa kupita kwenye sahani ya chuma yenye vitundu vidogo sana. Kinachotoka upande wa pili ni uzi. Uzi unafumwa, kitambaa kinakatwa, jezi hiyo. Kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, Brazil, Ureno na Uholanzi zilikuwa miongoni mwa timu zilizovaa jezi za namna hii, na kila jezi ilitumia hadi chupa 8.

Basi tupige makofi? Mimi hapo husita kidogo. Chupa iliyosafishwa vizuri inaweza kuwa chupa tena, na ikaja kuwa chupa tena. Jezi haina bahati hiyo. Imepigwa namba mgongoni kwa pasi ya moto, imebandikwa nembo za mpira kifuani, imechanganywa na uzi unaovutika ili ikubane vizuri, imetiwa rangi ambazo hazitoki. Kuitenganisha ni kazi ghali kuliko kutengeneza mpya. Duniani kote, nguo zilizochakaa ambazo malighafi yake hurudi kuwa nguo mpya hazifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo chupa tuliyoisifu imetolewa kwenye njia ya kwenda na kurudi, ikapandishwa basi la kwenda tu. Si dhambi, lakini si muujiza pia, na lebo haitwambii.

Hapa niweke jambo moja pembeni, kwa sababu najua kuna msikilizaji ameshageuza chupa anaangalia kitako chake. Ile alama ya mishale mitatu inayofukuzana ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Southern California, kwa ajili ya shindano lililoandaliwa na kampuni ya maboksi. Ilikuwa alama ya karatasi. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kikaiazima, kikaweka namba katikati, kuanzia 1 hadi 7. Namba hiyo inakwambia plastiki uliyoshika ni ya aina gani. Haikwambii kwamba kuna mtu atakayeipokea. Namba 1 ni chupa zetu za maji na soda, hiyo ina soko. Namba 7 ni "nyinginezo", yaani kila kilichokosa pa kuingia. Mwaka 2013 kiwango rasmi cha Marekani kilibadilishwa, mishale ikaondolewa ikabaki pembetatu tupu, lakini mishale ya zamani ingali imejaa kwenye rafu za maduka na inaendelea kututuliza roho.

Turudi kwenye raba.

Samli iliyoganda ukiianika juani inayeyuka. Ukiirudisha kivulini inaganda, na unaweza kurudia hivyo mpaka uchoke. Yai je? Likishachemka limechemka. Hakuna moto wala barafu itakayolirudisha kuwa ute. Plastiki ya chupa iko upande wa samli. Mpira wa soli, mpira wa tairi, na lile sponji jeupe lililo chini ya raba nyingi, vyote viko upande wa yai.

Aliyelichemsha yai hilo ni Mmarekani Charles Goodyear. Kabla yake mpira uliotokana na utomvu wa miti ulikuwa kero: joto likipanda unanata, baridi ikija unakatika. Mwaka 1839 Goodyear aligundua kuwa ukiuchanganya na salfa na kuutia moto unakuwa imara, na hataza akaipata mwaka 1844. Salfa inazifunga nyuzi za mpira moja kwa nyingine, na mafundo hayo hayafunguki kwa joto. Ukizidisha moto, mpira hauyeyuki, unaungua. Goodyear mwenyewe alifariki mwaka 1860 akiwa amezama kwenye madeni. Ile kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, yeye hakuwa na hisa wala habari.

Fundi wa makatambuga hakusoma hayo popote, lakini ndivyo anavyofanya kazi. Hujamwona akiyeyusha tairi. Analikata kwa kisu kilichonolewa, anapima kwa mguu wa mteja, anapigilia misumari, basi. Kitu kisichoyeyuka kinatumiwa kama kilivyo. Wenzetu Kenya wanaviita viatu hivyo akala, na pande zote mbili za mpaka zinavijua.

Sasa kuhusu mpira wenyewe, wa miguu. Ule wa vipande 32 ambao kila mtoto anauchora, vipande 12 vyeusi vyenye pembe tano na 20 vyeupe vyenye pembe sita, ulitumika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, ukiitwa Telstar. Weusi na weupe ule ulikuwa kwa ajili ya televisheni, maana wengi bado walikuwa na zile zisizoonyesha rangi na mpira ulipaswa kuonekana. Mipira ya kushonwa kwa mkono mingi duniani imetoka Sialkot, mji wa Pakistan ambako kazi hiyo hurithishwa ndani ya familia. Na uzuri wa mpira wa kushonwa ni kwamba una mlango. Blada ikitoboka, fundi anafumua mshono karibu na vali, anaitoa, anaiziba au anaweka nyingine, anashona. Mpira unarudi uwanjani jioni hiyo hiyo. Wangapi tumechezea mpira wenye mshono mmoja mweusi na mwingine wa kamba ya kuvulia samaki?

Mwaka 2006, kwenye Kombe la Dunia la Ujerumani, ulikuja mpira ambao vipande vyake vimeunganishwa kwa joto badala ya uzi. Uliitwa Teamgeist. Sikatai, unaviringika vizuri zaidi na hauingizi maji. Ila ukitoboka, fundi anauzungusha mikononi akitafuta pa kuanzia, hapaoni. Wakati huohuo mpira wa chandimu, ule wa matambara, soksi au mifuko ya plastiki unaofungwa kwa kamba, unaweza kufumuliwa na kusukwa upya mara tatu kwa wiki, na hata mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, chandimu haikufa. Watoto walirudi kwenye matambara na vipande vya godoro.

Mpira wa tenisi nao una balaa lake. Mashindano ya Wimbledon peke yake hutumia mipira kama 55,000 kila mwaka, kwa sababu hubadilishwa baada ya gemu 7 za mwanzo na kisha kila baada ya gemu 9. Hewa yake inavuja polepole kupitia kwenye ukuta wa mpira hata usipopigwa, ndiyo maana huuzwa kwenye kopo lililojazwa presha. Na juu ya ule mpira wa Goodyear kumebandikwa kitambaa kwa gundi, havitengani. Rangi yake ya njano pia ni kwa ajili ya televisheni: chama cha tenisi cha dunia kiliikubali mwaka 1972, Wimbledon wakang'ang'ania weupe mpaka 1986. Walioupatia maisha ya pili yenye maana ni vijana wa Karachi, wanaouzungushia utepe wa umeme na kuchezea kriketi mitaani.

Nisogee kwenye kiatu chenyewe, maana huko ndiko mambo yalikojificha. Hivi karibuni niliketi kwa fundi viatu mmoja, mzee wa makamo anayekaa chini ya mwavuli uliofifia, nikampa raba yangu ya kukimbilia iliyoachama mbele. Nikamwuliza, "Mzee, hii ikifa kabisa unaifanyia nini?" Akacheka. "Mwanangu, hii haifi vizuri. Ngoja nikuonyeshe." Akaichukua nyingine iliyokuwa kwenye lundo lake la viraka, akaingiza kisu kisiginoni, akaipasua mpaka kwenye vidole.

Nikaona kwa macho yangu. Chini kabisa mpira mweusi mgumu. Juu yake sponji jeupe, nene kisiginoni na jembamba mbele. Juu ya sponji, kitu kama kadibodi kilichogandishwa kwa gundi ya njano. Kisha soli ya ndani, kisha kitambaa cha vitundu chenye sponji jingine jembamba mgongoni mwake, kisha kipande cha plastiki ngumu kilichofichwa kwenye kisigino ili kiatu kisilegee. Akavuta kutenganisha sponji na mpira. Sponji likameguka, mpira ukabaki na mabaka meupe. "Unaona? Gundi ina nguvu kuliko kiatu." Kila tabaka ni la aina yake na kila tabaka limemkumbatia mwenzake. Watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani waliwahi kukichambua kiatu cha kukimbilia mwaka 2013, wakakuta vipande 65 na hatua 360 za kukitengeneza, na hewa ya ukaa kiasi cha kilo 14 kwa kila jozi. Ukimuuzia mwenye yadi mchanganyiko huo, anautia kwenye tangi gani?

Raba yangu aliiosha mdomo kwa petroli kidogo, akapaka gundi, akaiacha juani, halafu akafanya lile ambalo kiwanda hakikulifanya: akaishona kuzunguka pande zote, sindano ikiingia kwenye ubavu wa soli na kutokea ndani, uzi mweupe uliopakwa nta. Siku hizi watu wengi wanampelekea fundi raba mpya, hata kabla hazijakanyaga vumbi, ili zishonwe. Wanaotuangalia wanadhani tunaogopa viatu vya bandia. Tunachokifanya ni kumrudishia fundi mlango.

Upande wa pili wa dunia mambo yanakwenda kwa kasi nyingine. Septemba 2023 Mwethiopia Tigist Assefa alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini Berlin, kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Kiatu alichovaa kilikuwa na uzito wa gramu 138, kiliuzwa dola 500, na kampuni yenyewe, Adidas, ilisema kimetengenezwa kwa ajili ya mbio moja, pamoja na mazoezi machache ya kukizoea. Mbio moja! Sina ugomvi na Assefa, yuko kazini na amelipa jasho. Lakini kiatu cha mwanariadha leo ndicho kinachoigwa na kiatu cha dukani kesho, na sisi wa mitumba tutakipokea keshokutwa.

Wenye viwanda hawajalala, tuseme haki. Nike tangu miaka ya mwanzo ya 1990 wamekuwa wakikusanya raba zilizochakaa na kuzisaga, zikawa chembe za mpira, za sponji na za kitambaa, zinazotandikwa kwenye viwanja. Ni bora kuliko dampo. Ila chembe haziishii pale zinapowekwa. Aliyecheza kwenye nyasi bandia anajua anavyomwaga chembe nyeusi za matairi kutoka kwenye soksi baada ya mechi. Nyingine mvua huzibeba mpaka mtaroni. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba chembe hizo zisiuzwe tena kwa ajili ya viwanja, ukatoa miaka 8 ya kujiandaa. Adidas hao hao walionyesha mwaka 2019 kiatu cha plastiki ya aina moja tu, bila gundi, ili kisagwe na kuyeyushwa chote. Huo ndio mwelekeo ninaoupenda, ila kwenye miguu ya watu mtaani kwangu sijauona.

Kuna mfano wa pwani yetu ambao unaeleza haya yote kuliko mimi. Lamu, mwaka 2018, walishusha baharini jahazi liitwalo Flipflopi, lililojengwa kwa tani kama 10 za taka za plastiki chini ya fundi Ali Skanda. Mapema 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kilomita kama 500. Mbao zake ni plastiki iliyoyeyushwa. Lakini ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni, hizo hawakuziyeyusha. Walizikata na kuzibandika nje kama vazi, na jahazi likatoka na rangi zote. Mafundi wale walijua kipi ni samli na kipi ni yai, wakakipa kila kimoja kazi yake.

Msimamo wangu basi ni huu. Kampuni ikikwambia jezi au kiatu chake kimetokana na taka, usiulize kimetoka wapi tu. Uliza kitaenda wapi na kinafunguka vipi. Kitu kilichoshonwa kwa uzi kina wa kukitengeneza. Kilichomwagiwa gundi tabaka juu ya tabaka kitabaki uvunguni. Nadhani hata serikali zetu zingeweza kuuliza swali hilo bandarini, kama zilivyoweza kuuliza kuhusu mifuko ya plastiki.

Na wewe msikilizaji uliyetundika daluga, au mwanao amekua na raba hazimwingii tena, nina ombi dogo. Usizitupe, na usimpe mtu zikiwa zimelegea ndani ya mfuko. Zioshe, zianike, kisha funga kamba za kiatu cha kushoto na cha kulia pamoja, fundo moja la nguvu. Viatu vikitoka nyumbani bila kufungwa hupotezana njiani, na kiatu kimoja hakina mnunuzi, si kwenye soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, si Gikomba, Nairobi.